Hatua Tatu Kutoka kwa Onyango

Siku moja kabla ya safari tulikuwa Katito, mimi na Onyango, tukingoja lori la mbao pale barabara inapochepuka kwenda Kendu Bay. Mama yake Onyango alikuwa amekuja kutoka Pap Onditi na karanga za kukaanga kwenye mfuko uliokuwa wa sukari, na alikuwa anamsomea mwanawe mambo ya kutofanya huko kaskazini. Asinywe maji ambayo hayajachemshwa. Asitembee peke yake. Asibishane na mtu juu ya dini. Hilo la mwisho alilisema akiniangalia mimi, kwa sababu mimi ni Mwislamu na alijua mwanawe hupenda kunichokoza. Onyango alikuwa anatafuna karanga na kuitikia kila kitu kwa kichwa. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Kazi ilikuwa nzuri, madarasa matatu ya mawe katika kijiji cha karibu na mpaka, na sisi wawili tulikuwa tumejenga pamoja kwa zaidi ya miaka kumi na tano.

Jina langu ni Ramadhan Ochieng'. Watu wakiyasikia majina hayo mawili pamoja hudhani nimebadili dini juzi. Sikubadili. Babu yangu alizaliwa Mwislamu upande wa Kendu Bay, na nyanya yangu ndiye aliyenifundisha kuswali nikiwa mdogo wa kupakatwa. Shida ni kwamba nyanya alikuwa Mjaluo kamili, na Kijaluo hakina sauti ya "sh". Shamba kwetu ni samba, shule ni sule. Hata shahada, yale maneno ambayo Mwislamu anakiri kwayo kwamba Mungu ni mmoja, nyanya aliyatamka "as-hadu", kwa sini badala ya shini, na mimi nikayameza hivyo hivyo. Nimepita madrasa, nimechapwa, nimecheka pamoja na wanaonicheka. Nikituliza ulimi naweza kuikaribia hiyo herufi. Nikiharakishwa, narudi kwa nyanya.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu siku ile ilipofika, uhai wangu ulipimwa kwa herufi hiyo.

Kijiji chenyewe sitakitaja, kwa sababu walio hai pale bado wanaishi pale. Madarasa yalikuwa yajengwe kando ya madrasa ya mabati, na mwenye madrasa alikuwa Maalim Adan, mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, ndevu zimetiwa hina, na chupa ya chai haimtoki mkononi. Kila asubuhi alituletea chai ya maziwa ya ngamia. Wiki ya kwanza Onyango aliinusa na kuimwaga nyuma ya rundo la kokoto. Wiki ya tatu alikuwa ndiye anayeuliza Maalim amechelewa wapi.

Maalim alikuwa amesoma sana na hakuwa mtu wa kujionyesha. Alikuwa na neno lake juu ya wale watu wenye bunduki waliokuwa ng'ambo ya mpaka na ambao wakati mwingine walivuka. Alisema wanakisoma kitabu kama mtu anayebomoa nyumba nzima ili apate msumari mmoja. Wanafunzi wake aliwafundisha wazi wazi kwamba vita havitangazwi na kila mwenye silaha, kwamba asiyepigana haguswi, na kwamba mgeni aliyepewa amani na Mwislamu mmoja amepewa na Waislamu wote. Walikuwa wamemwandikia barua ya kumwonya. Aliitumia kuwashia jiko, na alituambia hivyo huku akicheka, kama mtu anayesimulia habari ya jirani msumbufu.

Alijaribu pia kunirekebisha ulimi. Aliweka kidole mbele ya midomo, kama anayemnyamazisha mtoto, akasema, "Shhh." Mimi nikasema, "Sss." Akarudia, nikarudia. Onyango alikuwa juu ya jukwaa la mbao na alicheka mpaka akaangusha mwiko. Maalim hakukasirika. Aliniambia kwamba anayesoma kwa taabu ana thawabu mbili, na kwamba mimi kwa taabu yangu labda ningeandikiwa tatu.

Ilikuwa siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimeteremsha timazi, ule uzi wa kupimia ukuta, kwenye kona ya darasa la pili, na jiwe lilikuwa limetoka nje kidogo. Nakumbuka nilikuwa namlaumu Onyango kwa jiwe hilo.

Pikapu ilikuja bila kelele. Watu saba walishuka.

Vibarua wawili wa pale kijijini waliambiwa waende kwao, wakaenda. Sisi tuliambiwa tupige magoti mbele ya rundo la mchanga na tuweke mikono kichwani. Mikono ya Onyango ilikuwa na simiti mbichi mpaka kwenye viwiko.

Mmoja wao alijua Kiswahili vizuri kuliko mimi. "Mwislamu asimame, aje upande huu," akasema.

Nilisimama.

Sitaki kupita haraka hapa. Nilisimama, nikaenda hatua tatu. Onyango alibaki amepiga magoti. Sikumtazama. Sikuwa nimepanga chochote, sikufikiri chochote, miguu ilikuwa inakwenda mahali ambapo watu hawafi.

Yule mtu alichukua kitambulisho changu. Alisoma jina la Ochieng', akaniangalia, akalisoma tena.

"Toa shahada."

"As-hadu," nikaanza.

Akatabasamu. "Rudia."

Nilijua kosa liko wapi. Niliiona herufi inakuja. Nilikumbuka kidole cha Maalim mbele ya midomo. Ulimi ukaenda pale pale.

"Rudia."

Nikarudia.

"Huyu amekariri tu," akawaambia wenzake. Akanisukuma kifuani kwa kitako cha bunduki. Nilirudi nilikotoka, nikapiga magoti kando ya Onyango.

Hapo ndipo Maalim Adan alipotoka madrasa na chupa yake ya chai. Hakukimbia wala hakujikokota. Aliwasalimu kwa salamu ya Kiislamu, na yule aliyeonekana kuwa mkubwa wao akaitikia. Nilisikia alivyoitikia, salamu kamili, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Maalim alinionyesha kwa mkono. "Huyu ni Mwislamu. Mimi ni shahidi wake."

"Na huyo mwingine?"

Angeweza kudanganya. Neno moja tu. Mimi nililingoja neno hilo, na najua Onyango alilingoja zaidi.

"Huyo ni Mkristo," Maalim akasema. "Ni mgeni wangu. Nimempa amani."

"Nani amekuruhusu kutoa amani?"

"Sihitaji ruhusa. Mwislamu yeyote anaweza, hata mwanamke, hata aliye chini kabisa. Akitoa mmoja, imetufunga sote. Imekufunga na wewe. Umesoma, unajua."

Yule mkubwa alikuwa anajua. Nilimwona anajua. Aliangalia chini kidogo, halafu akaangalia wenzake sita waliokuwa wanamwangalia yeye.

"Wewe ni murtadi," akamwambia Maalim. Maana yake ni mtu aliyetoka katika dini.

Akampiga risasi.

Maalim alikaa chini kwanza, kama mtu aliyechoka. Kisha akalala ubavu. Chai ilimwagika kwenye mchanga wetu.

Halima, mke wake, alitoka nyumbani akipiga mayowe, na nyuma yake wanawake wengine, wote wakija mbele badala ya kukimbia. Yule wa Kiswahili kizuri aligeuka kuwaangalia wakati anamlenga Onyango, na risasi ikaingia pajani. Barabarani vumbi la gari la askari lilianza kuonekana. Wakapanda pikapu wakaenda. Nadhani yote yalichukua dakika sita.

Maalim alikufa kabla ya askari kufika. Onyango alichukuliwa kwa ndege akapelekwa hospitali. Mguu wake ulipona ukiwa mfupi. Mimi sikuwa na hata mchubuko, ila alama ya kitako cha bunduki kifuani, ambayo ilififia baada ya wiki mbili. Tulipoagana hospitalini Onyango aliniambia niende salama, akageukia ukutani. Baada ya hapo hatukuongea kwa miaka minne.

Nilirudi Kisumu nikajenga. Nimejenga kuta nyingi miaka hiyo, nyumba za kupanga, uzio wa shule, vyoo vya soko. Nilikuwa na haya. Sijui neno lingine. Kila nilipoingia msikitini na kusimama katika safu, bega kwa bega na mtu, nilikumbuka bega nililoliacha. Sikumwambia yeyote habari ya zile hatua. Nilimsimulia kila mtu juu ya Maalim, jinsi alivyotoka na alivyosema, na watu walilia, na mimi nikawa msimulizi anayeheshimiwa. Ile sehemu ya kusimama niliiruka. Msikilizaji hawezi kuuliza kitu asichojua kipo.

Kisha, mwaka wa nne, Halima akanipigia simu. Alikuwa na Kiswahili kidogo na alikitumia chote. Wale watu walikuwa wametoa picha ya video, na ndani yake mmoja anasoma kwamba Maalim Adan alikuwa jasusi na murtadi kwa sababu aliwakinga makafiri. Pale kijijini hakuna aliyeamini, ila kila mtu aliogopa. Madrasa ilikuwa imefungwa tangu siku ile. Jina la mume wake halitajwi, hata kwenye dua. Wazee walikuwa wamemwambia kwamba wanachuoni wa mahali pengine, watu wanaosikilizwa, wakimtaja kwa jina na kusema alikuwa kwenye haki, basi wao watapata mgongo wa kuegemea na watafungua mlango. Alikuwa amesikia kwamba masheikh wa Kisumu wanaandika tamko la kusomwa Ijumaa katika misikiti yote ya ukanda wa ziwa.

"Wewe uliona," akaniambia. "Shahidi wa Adan ni wewe."

Kiswahili kina neno moja kwa mtu aliyeona na kwa mtu aliyeuawa akiwa katika njia ya Mungu. Wote ni mashahidi. Wauaji wale pia huwaita wafu wao hivyo, na kila nikilisikia kwenye midomo yao damu inanichemka. Kwa Kijaluo tunasema janeno, aliyeona, basi. Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwa Sheikh Yahya, mmoja wa masheikh hao wa Kisumu, na vumbi la simiti kwenye suruali.

Sheikh Yahya alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na ofisi yake ilikuwa chumba kidogo kando ya msikiti, vitabu mpaka dirishani. Pamoja naye alikuwapo Ustadh Khalid, mtu wa makamo aliyesoma nje ya nchi, ambaye ndiye aliyekuwa anaandika lile tamko. Walinisikiliza mpaka mwisho. Nikamaliza kama nilivyozoea kumaliza, na zile hatua nikaziruka.

Ustadh Khalid alisema habari hiyo ni nzito, na kwa sababu ni nzito haiwezi kusimama juu ya mtu mmoja. Wale watu wametangaza lao mbele ya dunia nzima. Sisi tukitangaza letu lazima liwe na mashahidi wawili, vinginevyo watatucheka na kusema masheikh wa ziwani wanatunga hadithi. Nilitamani kumtupia mwiko. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Alinisomea rasimu. Ilikuwa nzuri. Ilikataza kumuua asiyepigana, ilikataza mtu kujiua na kuwaua wengine, ilisema hakuna kikundi chenye haki ya kuwatoa watu katika dini, na kila jambo lilikuwa na aya yake ya Qur'ani na kauli za wanachuoni wa leo wa nchi nyingi. Halafu kukaja aya iliyoanza na "Lakini", ikaorodhesha vijana wetu waliokamatwa bila hatia na misikiti iliyopekuliwa.

Nikamuuliza hiyo lakini ya nini.

"Ni ya ukweli," akajibu. "Hayo mambo hayakutokea?"

Yalikuwa yametokea. Mpwa wangu mwenyewe alilala rumande siku tisa kwa sababu ya ndevu. Nilikuwa na hasira tu. Sheikh Yahya ndiye aliyesema kwamba malalamiko hayo ni haki na yataandikwa, ila kwa karatasi nyingine, siku nyingine, na yeye atatia sahihi wa kwanza. Hapa, alisema, Maalim Adan ameuawa akisema kitu kisicho na lakini ndani yake. Ustadh Khalid hakuifuta ile aya siku hiyo. Aliipigia mstari kwa penseli.

Tamko lilikuwa lisomwe Ijumaa. Ilikuwa Jumanne. Nilikwenda Pap Onditi.

Onyango alikuwa na duka dogo la mbegu na majembe karibu na soko. Aliniona nikishuka kwenye pikipiki na akaendelea kupima mahindi ya mbegu. Kiatu chake cha kulia kilikuwa na soli nene kama tofali.

"Rama," akasema. "Umekuja kujengea nani huku?"

"Sijakuja kujenga, omera, ndugu yangu. Nimekuja kukuomba."

Nilimwambia yote, simu ya Halima, ile video, madrasa, mashahidi wawili. Alisikiliza huku anafunga mifuko. Mama yake alikuwa amekaa ndani ya duka anachambua maharagwe, na mikono yake ilikuwa imesimama.

"Sasa masheikh wanataka Mkristo ndio aseme Maalim alikuwa Mwislamu mzuri?" Onyango akauliza. "Hii maneno yenu mimi naingia kama nani?"

Mama yake ndiye aliyejibu, bila kupandisha sauti. "Onyango, huyo mwalimu alikufa juu ya mtoto wa nani?"

Onyango akaangalia nje.

"Mimi kila Jumapili nataja jina yake kanisani," mama akaendelea. "Adan, Adan. Pasta aliniuliza huyo Adan ni nani, nikamwambia wewe omba tu. Sasa kwao wanaogopa kumtaja na sisi tunamtaja huku? Wanatafuta janeno. Wewe uliona. Unangoja nini?"

Alifunga mfuko wa mwisho. Aliniuliza ni siku gani. Nilimwambia Alhamisi, baada ya swala ya alasiri. Nilitaka pale pale kumwambia juu ya zile hatua, kuomba msamaha, chochote. Mteja aliingia kuuliza mbegu za sukuma, nikaushukuru moyoni ujio wake, nikaondoka. Nilikuwa mwoga bado.

Alhamisi alifika amevaa shati jeupe la kanisani. Mlangoni alivua viatu, na alipovua kile cha soli nene alianza kuyumba, hivyo nikamshika kiwiko. Hakuniondoa mkono. Sheikh Yahya aliamuru kiti kiletwe, na yeye mwenyewe akakaa kwenye mkeka.

Ustadh Khalid aliomba radhi kabla ya kusema alichotaka kusema. Alisema si kwa ubaya, ila watu watauliza, je, ushahidi wa asiye Mwislamu unakubalika katika jambo la kumtetea mwanachuoni? Sheikh Yahya alimkumbusha aya ya wasafiri waliofikiwa na mauti njiani, ambao Qur'ani inawaruhusu kushuhudiwa na watu wasio wa dini yao. Ustadh Khalid akasema ndiyo, ila katika kisa chetu wasafiri ndio mashahidi, na aliyekufa alikuwa kwake.

Mzee alicheka. "Umesoma kweli wewe," akasema. "Haya. Hapa si mahakama. Tunataka kujua tu nini kilitokea, na huyu amekuja nacho mguuni. Anza na Ramadhan."

Nilisimulia. Ustadh Khalid alikuwa anaandika kwa haraka, na nilipofika mahali Maalim anatoka madrasa alinisimamisha.

"Wakati huo wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimepiga magoti kando ya Onyango."

Ilikuwa kweli. Ningeweza kuendelea. Angeandika, na hakuna mtu angegundua kitu. Onyango alikuwa anaangalia mikono yake.

Niliogopa pia kwamba nikisema, ushahidi wangu utatupwa. Shahidi lazima awe mtu wa kuaminika, na nani atamwamini mtu wa aina hiyo? Halima angebaki na mlango wake umefungwa kwa sababu mimi nimetaka kusafisha moyo. Nililipima hilo kadiri nilivyoweza. Halafu nikafikiri kwamba Maalim alikuwa na nafasi ya neno moja dogo la uongo, kwa ajili ya kumwokoa mtu, na hakulitumia.

"Kabla ya hapo nilisimama," nikasema. "Walipoita Waislamu nilisimama nikamwacha. Hatua tatu. Sikurudi kwa hiari yangu. Nilirudishwa na ulimi wangu, kwa sababu siwezi kutamka. Ulimi ungenisaidia, ningekuwa upande ule nikiangalia."

Kalamu ilisimama. Nje, kwenye bomba la kutawadhia, mtu alikuwa ameacha maji yanatiririka.

Ustadh Khalid akamgeukia Onyango. "Uliona akikuacha?"

"Mimi nilikuwa naomba, Ustadh," Onyango akasema.

"Na Maalim alisema nini?"

"Alisema huyu ni Mkristo. Nitasema ukweli. Hiyo dakika nilimkasirikia kuliko wale wenye bunduki. Nilisema kwa roho, si useme tu mimi ni Mwislamu? Ni neno moja. Lakini wangeniambia nisome, na mimi sijui kusoma hiyo kitu. Halafu hospitali nikafikiria sana. Huyu mzee hakutaka niokoke nikiwa mtu mwingine. Alitaka niokoke nikiwa Onyango. Akaweka mwili yake hapo. Sasa mtu akisema huyo alitoka kwa dini, mimi sijui dini yenu, lakini mimi nitakataa."

Sheikh Yahya akaniambia kwamba anayeshuhudia dhidi ya nafsi yake ndiye wanayemtafuta, na kwamba yangu na Mungu nitayamaliza mwenyewe, hayo si ya karatasi hii.

Walibishana kidogo juu ya maneno. Ustadh Khalid, ambaye macho yake yalikuwa mekundu, alitaka iandikwe moja kwa moja kwamba Maalim ni shahidi. Mzee alikataa. Alisema nani ni shahidi mbele ya Mungu ni Mungu anayejua, na kwamba kosa la wale watu ni hilo hilo, kugawa pepo kana kwamba ni yao. Ikaandikwa kwamba Maalim Adan alitoa amani kama dini inavyompa haki, kwamba aliuawa kwa dhulma kwa ajili ya amani hiyo, kwamba aliyemwita murtadi amesema uongo, na kwamba tunamwomba Mungu amkubali pamoja na mashahidi. Ustadh Khalid aligeuza ukurasa, akaifuta ile aya ya lakini, akaiandika upya kwenye karatasi nyingine.

Chini aliandika mashahidi wawili, akatutaka tutaje majina yetu na tukiri kwa mdomo.

"Onyango," akasema mwenzangu. "Mimi ni sahidi."

Ustadh Khalid aliinua kichwa, akaniangalia mimi.

"Ramadhan Ochieng'," nikasema. "Mimi ni sahidi."

Aliandika. Hakuna aliyeniambia nirudie.

Tamko lilisomwa Ijumaa. Baada ya majuma matatu Halima alinitumia picha ya mlango wa mabati ukiwa wazi na watoto kumi na mmoja kwenye mkeka. Zamani walikuwa wanafika sitini. Darasa la pili halijamalizika mpaka leo, na lile jiwe la kona bado limetoka nje. Maalim hayupo, na karatasi yetu haikumrudisha kwa Halima hata kwa saa moja. Sijidanganyi kwamba tulishinda kitu kikubwa. Jina lake linatajwa kwao, ndicho tulichopata, na ningekwenda tena kukitafuta.

Ile Alhamisi nilimsindikiza Onyango mpaka Katito, apate pikipiki ya kwenda kwao. Tulisimama pale pale tulipowahi kungoja lori la mbao. Alipanda, akauweka mguu mfupi vizuri, akamwambia mwenye pikipiki angoje.

"Rama," akasema. "Zilikuwa nne."

"Nini?"

"Hatua. Umewaambia tatu. Zilikuwa nne, mimi nilihesabu."

Akanishika mkono, akaushika kwa muda mrefu kama tulivyokuwa tukishikana zamani tukimaliza ukuta, halafu pikipiki ikaondoka. Nimeziacha tatu huko juu kwa sababu ndivyo nilivyoshuhudia siku ile mbele ya masheikh, na kwa miaka minne ndivyo nilivyoamini. Aliyeona ni Onyango. Zilikuwa nne.